Kibaha au Kisarawe: tulivyomtafutia chumba mke wa mtu anayesoma



Maharusi wanaokuja kwetu kupimwa nguo siku hizi wengi wana digrii, na kila msimu hapakosi mmoja anayesema, "Dada, nikishaozwa nakwenda Dar kusoma masta." Tunampongeza, tunamuombea dua, kisha suala linalofuata halihusu chuo hata kidogo. Anauliza: nitakaa wapi, na kwa pesa gani? Tumelijibu mara nyingi kwa mdomo, tena pini zikiwa mdomoni, leo tunaliandika lote kwa pamoja.

Sisi tunaosema hapa ni wawili, ndugu wa tumbo moja kutoka Unguja. Mkubwa ana cherehani, mdogo ana mkoba wa ukunga. Mkubwa alimaliza sekondari akaenda kozi ya ushonaji, akaolewa, akaachika, akaendelea na biashara yake. Mdogo alisoma mpaka akapata digrii ya uuguzi, na mwaka 2022 akapata nafasi ya shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameozwa. Mume wake ni mwalimu wa skuli Pemba, mshahara wake ni ule wa mwalimu, na mshahara wa mdogo wetu wote ulikuwa unakwenda kwenye ada.

Mama mkwe hakukataa mkwewe kusoma. Alichokataa ni mke wa mwanawe kukaa peke yake kwenye chumba cha kupanga katika mji asioujua. Hapo mkubwa akasema atakwenda naye na cherehani yake. Nguo zinashonwa popote. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta chumba cha watu wawili na cherehani moja, na mume wa kuja kutembelea skuli zikifungwa.

Kabla ya boti tulikaa kikao cha pesa. Makazi ya mke ni juu ya mume, kwa kadiri ya uwezo wake, na hili kila bibi harusi analijua kwa nyumba ya ndoa. Halizungumzwi sana pale mke anapotoka kwa ruhusa ya mume kwenda kusoma mbali. Masheikh wana maneno yao kuhusu mke anayesafiri kwa haja yake mwenyewe kwa idhini ya mumewe, na hapo kila mmoja akamuulize sheikh wake. Shemeji yetu yeye hakutaka kufika huko. Alisema, "Kodi ni yangu, lakini niambieni kiasi." Alikuwa na laki tatu na nusu mkononi na aliweza kutoa kama laki na ishirini kila mwezi. Mwanamume anayetaja tarakimu mbele ya wazee ni wa kushukuriwa, wengi husema "tutaona".

Shangazi yetu, Allah amhifadhi, akatoa rai yake: mahari si ipo? Mahari ilikuwa laki nane, bado haijaguswa. Bibi harusi aitumie alipe kodi ya nusu mwaka, mambo yaishe. Mdogo alikuwa tayari. Mkubwa akakataa, na mpaka leo anasimama hapo hapo. Mahari ni mali ya mwanamke. Akitaka kumpa mumewe kwa moyo wake, ni yake na anatoa. Lakini kuitoa kwa sababu mwenye nyumba asiyemjua anataka miezi sita mbele, hiyo si hiari. Huko ni kubanwa. Basi kazi yetu Dar ikawa kutafuta nyumba ambayo mlango wake unafunguka kwa laki tatu na nusu, pamoja na kila kitu.

Tulifikia kwa jamaa yetu Magomeni, tukajipa wiki mbili.

Watu wakizisikia zile hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilizofunguliwa mwaka 2017, zenye nafasi za wanafunzi 3,840, wanadhani kila anayesoma Dar anapewa kitanda. Vitanda vya vyuo havitoshi, na mtu mzima mwenye mume hatafuti kitanda cha juu kwenye chumba cha wasichana wa miaka 19. Wanafunzi wengi wa uzamili hujipangia mitaani.

Mitaani ndipo utakapokutana na neno "miezi sita". Mwenye nyumba wa Dar hakutajii bei ya mwezi ila kwa adabu tu. Anachotaka ni sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo ni makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji. Ukiwa huna, anakubaliana na mwengine. Juu ya sita hizo kuna mwezi mmoja wa dalali. Chumba cha laki moja, kwa hiyo, si cha laki moja. Ni cha laki saba kabla hujaweka mkeka ndani. Na dalali ana pesa yake ya kukuonesha, sisi tuliambiwa elfu kumi kila nyumba, upende usipende. Kuna mmoja alitupeleka Tabata kwenye nyumba ambayo tulimkuta mpangaji anakaanga samaki. Akasema, "Huyu anahama." Mama wa watu akageuka na mwiko mkononi: "Nahamia wapi?" Elfu kumi yetu haikurudi.

Tena mjue, Dar "masta" ni chumba chenye choo ndani. Mdogo alipomwambia dalali mmoja amekuja kusoma masta, akajibiwa, "Masta zipo, self, tena na jiko."

Upanga, karibu na chuo, tuliuliza kwa kujifurahisha tu. Sinza chumba na choo tulitajiwa laki mbili na nusu. Ilala na Kariakoo vyumba vipo vya bei ya kati, lakini choo cha kuchangia na wapangaji kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, na bafu mlango wake ni pazia. Wako wanaoishi hivyo na wanajihifadhi, hatuwadharau. Lakini mwanamke anayetoka zamu ya usiku wodini akapange foleni ya bafu na wanaume wa watu saa kumi na mbili asubuhi, tuliona hapana.

Kilichotupa akili ni ratiba. Masomo ya mdogo yaligawanyika: siku mbili Upanga, siku tatu kwa mazoezi Mloganzila, ile hospitali kubwa iliyofunguliwa rasmi mwaka 2017, nje ya mji, upande wa Barabara ya Morogoro. Sasa kwa nini tukae katikati ya mji kama siku nyingi anatoka nje ya mji? Tukafungua ramani kwenye simu. Mloganzila iko ukingoni kabisa mwa Dar, na ukivuka ukingo huo unaingia Mkoa wa Pwani: upande mmoja Kibaha, upande mwengine Kisarawe. Kote huko kodi zinashuka.

Tulianza na Kisarawe, na hapa mkubwa anaomba asimulie kwa kirefu kwa sababu aliipenda.

Unakwenda kwa Barabara ya Nyerere, unapita uwanja wa ndege, Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu. Wakati ule barabara ilikuwa imechimbwa kwa ujenzi wa awamu ya tatu ya mwendokasi, vumbi na foleni. Ukishaipita Pugu unaanza kupanda, hewa inabadilika, miti inakuwa mingi. Vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi viko hapo. Mji wenyewe ni mdogo na umetulia juu ya kilima. Wanawake wamejifunga kanga mbili, watu wanasalimiana mpaka mwisho wa salamu, adhana inasikika kutoka pande mbili. Ni nchi ya Wazaramo, Waislamu ni wengi, na mtu wa Unguja hajihisi mgeni. Tulimsalimu mzee mmoja barazani, akatuuliza tumekula.

Jambo jengine, maji. Kisarawe ilisumbuka na maji miaka mingi, watu wakinunua kwa madumu. Mwaka 2020 ulizinduliwa mradi wa kuyaleta kutoka Kibamba, maji ya Mto Ruvu, na tangi lao liko pale. Wenye nyumba siku hizi wanataja bomba kwa fahari, kama sisi tunavyotaja bahari. Lakini sisi tulikwenda Oktoba 2022, mwezi ambao Ruvu ilipungua kwa ukame na Dar nzima ikawa kwenye mgao. Basi ikawa kila nyumba tunafungua bomba sisi wenyewe, na tunauliza lilitoka lini mara ya mwisho, na kama kuna tangi la akiba. Mwenye nyumba akisema "maji si tatizo", angalia idadi ya ndoo uani.

Tulipata chumba na sebule, choo ndani, ukuta umepakwa chokaa mpya, shilingi 70,000 kwa mwezi. Mkubwa akaanza kupanga cherehani kwa macho, hapa dirishani. Mwenye nyumba, mzee mwenye heshima zake, akasema miezi sita. Tukamuomba mitatu. Akasema, "Wanangu, mimi nakusanya nipate bati la nyumba nyengine. Mitatu hainifikishi." Hakuwa mkorofi, ana hesabu yake. Sita kwa 70,000 ni 420,000, na dalali 70,000, jumla 490,000. Sisi tuna 350,000. Pengo ni 140,000, na mahari iko kwenye simu ya mdogo, kubonyeza tu.

Mdogo akasema, "Dada, nitoe. Ni laki na arubaini tu." Tukatoka nje, tukakaa chini ya muembe, tukapiga hesabu nyengine ambayo dalali hakuitaka.

Kwenye ramani Kisarawe na Mloganzila ni majirani. Kwenye barabara si hivyo. Daladala inakuteremsha kwanza mpaka Gongo la Mboto, kisha uzunguke mji kutafuta Barabara ya Morogoro. Njia ya kukatiza ipo, ya vumbi, na bodaboda alitutajia 5,000 kwenda na 5,000 kurudi. Siku tatu kwa wiki, 30,000. Siku mbili za Upanga kwa daladala mbili, tukaweka 3,000 kwenda na kurudi, 6,000. Wiki moja 36,000, mwezi 144,000. Ongeza kodi 70,000: nyumba ile rahisi inakula 214,000 kila mwezi. Na hiyo ni kwa kiangazi. Masika njia ile ya vumbi inakuwa tope, na mkunga hawezi kuwaambia wenye uchungu wamsubiri barabara ikauke.

Na kuna hesabu isiyo ya pesa. Mwanamke na mtandio wake nyuma ya bodaboda ya mtu asiyemjua, njia ya msituni, jioni, mara tatu kwa wiki kwa miaka miwili. Hatukuhitaji kuijumlisha.

Mkubwa aliondoka Kisarawe na huzuni, anakiri hivyo, na kama ingekuwa ni cherehani peke yake tungekuwa huko mpaka leo.

Kibaha tulikwenda siku ya pili yake. Ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kama kilomita 40 kutoka katikati ya Dar, na Barabara ya Morogoro inaupasua mji. Uzuri wa kule, kwa macho ya mshoni, haupo. Ni malori, vumbi la matofali na mikorosho iliyobaki hapa na pale. Majina ya mitaa ndiyo yalituchekesha: Maili Moja, Picha ya Ndege, Kwa Mathias, Kwa Mfipa. Lakini njia ni moja iliyonyooka. Kutoka Kimara mpaka Kibaha barabara ilikuwa inapanuliwa kuwa njia nane. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilikwishahamia Mbezi, kilizinduliwa Februari 2021, kwa hiyo gari za kwenda na kurudi hazikatiki. Mloganzila iko njiani, huna haja ya kuingia mji. Ukitaka Upanga, unakwenda mpaka Kimara unapanda mwendokasi unashuka Fire, kisha unatembea kidogo. Na siku ya kwenda nyumbani Unguja, mwendokasi huo huo unakufikisha Kivukoni, begi mkononi mpaka kwenye boti.

Hatukutafuta dalali. Tulikwenda msikitini adhuhuri, upande wa wanawake, baada ya swala tukasalimia tukasema haja yetu. Dada mmoja anauza mchele Picha ya Ndege akatuambia kuna mama mjane jirani yake mpangaji wake amehama juzi. Mpaka leo tunawaambia maharusi: kabla ya dalali, jaribu msikiti na duka la mchele. Anayeuza mchele anajua nani kahama, nani halipi, na nyumba gani kila usiku kuna kelele.

Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa uani anachambua mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmetoka Zanzibar? Nasikia kwenye sauti. Na waume zenu wako wapi?"

Suala hilo tuliulizwa kila nyumba, mjitayarishe nalo. Kuna nyumba mbili tulikataliwa kwa ajili yake. Mmoja alisema wazi hapangishi wanawake wasio na mume ndani, kwa mkubwa akaongeza neno "mtalaka" kama anataja ugonjwa. Msigombane na mtu wa namna hiyo, mshukuruni kwa kusema mapema. Mdogo alikuwa na nakala ya cheti cha ndoa kwenye bahasha, pamoja na barua ya sheha na barua ya chuo. Tukampa mama, naye hakuisoma hata moja. Alisema, "Mpigieni huyo mume." Shemeji akapokea akiwa darasani, tukasikia watoto wanaimba nyuma yake. Wakasalimiana, wakaulizana habari za Pemba na karafuu. Mama akamwambia, "Ukija utalala kwa mkeo. Mwanamume mwengine akilala hapa nawatoa wote wawili." Shemeji akasema, "Mama, hayo ndiyo niliyotaka kukuomba mimi." Wakacheka wakaelewana, sisi tumesimama kama watoto tunaoandikishwa skuli.

Kodi 110,000. Tukavuta pumzi tukamuomba miezi mitatu badala ya sita. Tulimpa sababu: mume ni mwalimu, analipwa kwa mwezi, akikopa kutulipia sita atashindwa sita zijazo. Atamtumia mwenyewe kwa simu, siku kumi kabla ya miezi kwisha, ujumbe unabaki kuwa ushahidi kwa pande zote mbili. Mama alifikiri, akasema mpangaji aliyepita alilipa sita mara moja, kisha mwaka mzima akawa anamkimbia. Akakubali. Mitatu kwa 110,000 ni 330,000. Dalali hayupo. Elfu ishirini ikabaki, tukanunua ndoo mbili na kufuli.

Nauli: Mloganzila 3,000 kwa siku pamoja na bodaboda fupi, Upanga 4,500. Wiki 18,000, mwezi 72,000. Pamoja na kodi, 182,000. Nyumba ghali ilikuwa rahisi kuliko ile rahisi kwa 32,000 kila mwezi, na mahari haikuguswa.

Lakini hatukutoa pesa siku ile. Tulimwambia mama tutarudi, tukarudi siku hiyo hiyo baada ya isha, kwa daladala, kama mdogo atakavyokuwa anarudi. Tukashuka kituoni tukatembea. Tukahesabu taa: moja kituoni, moja ya duka la dawa, moja ya mama ntilie, kisha kipande cha giza kama hatua sitini, kisha taa ya geti. Tukamuuliza mama ntilie anafunga saa ngapi. Saa nne. Vizuri, zamu ya mchana inamrudisha saa mbili. Kwa zile hatua sitini mkubwa alikuwa anatoka na tochi, na baada ya wiki mbili vijana wa bodaboda walishatuita "dada zetu wa Zenji", wakawa wanamsindikiza wakimuona.

Mkataba tuliuandika nakala mbili, kurasa moja kwa mkono, tukaupeleka ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akashuhudia na kugonga muhuri. Kwetu mtu humwendea sheha, kule ni mwenyekiti na mjumbe. Tuliandika kodi haipandi mwaka mmoja. Tuliandika pia cherehani, na hili ni la wenye biashara za mikono. Luku ilikuwa ya pamoja, vyumba vitatu, na hapana ugomvi wa wapangaji mbaya kama wa luku. Mshoni ana cherehani ya umeme na pasi, na pasi ndiyo inayokula umeme. Tulikubaliana chumba chetu kichangie mara mbili ya wengine, tukafunga na mita ndogo yetu baada ya miezi minne ili kila mtu aone kwa macho. Mama aliturushia baraza ya mbele tukashonea hapo mchana, bila kodi ya fremu. Wateja wa mwanzo walikuwa wajukuu zake, sare za skuli, kisha mapazia, kisha akaja binti wa Kwa Mfipa anaolewa anataka gauni refu la mikono kama alizoziona Zanzibar. Biashara ikaingia Kibaha hivyo.

Siku za Upanga ndizo zilizokuwa nzito. Mdogo aliswali alfajiri akatoka giza bado, kwa sababu asubuhi safari ilikuwa saa mbili na zaidi. Mvua kubwa zikinyesha, bonde la Jangwani linajaa maji na mwendokasi unasimama, kuna siku alilala kwa jamaa Magomeni kwa kukosa njia. Tulimwekea huko nguo pea moja na mswaki. Anayepanga mbali na chuo awe na mlango mmoja wa dharura mjini, wa ndugu au rafiki wa kike anayejulikana na mumewe, na ijulikane mapema. Simu ya "nimekwama" saa nne usiku inamtia mume wa mbali mawazo asiyostahili kuwa nayo.

Shemeji alikuja mara nne katika miaka ile miwili. Akija, mkubwa alihamia kwa mama mwenye nyumba, akalala na wajukuu, wakamsimamisha awashonee wanasesere. Na hili pia mliseme mnapopanga: chumba na sebule ni vyema kuliko chumba kimoja kikubwa, hata kama tofauti ni elfu thelathini. Bibi harusi mpya ana haki ya mlango wa kufunga.

Mwaka ulipotimia mama akapandisha elfu kumi. Alikuja na mkataba mkononi, akaonesha ule mstari, akasema ameuheshimu mpaka siku ya mwisho. Shemeji akalipa.

Mdogo alimaliza mwaka 2024 akarudi kazini Unguja. Mkubwa alibaki na chumba miezi mitatu zaidi kwa sababu ya oda za sare za Januari, kisha akafunga cherehani kwenye boksi. Siku tuliyokuwa tunatoa vitu akaja msichana kutoka Tanga na baba yake, anakwenda kusoma Mloganzila, ameelekezwa na yule dada wa mchele. Baba akauliza bei. Msichana yeye akamuuliza mkubwa wetu kama kutoka kituoni kuna taa. Ilikuwa bado saa kumi jioni. Tukawaambia wasitoe pesa kwanza, wakae wanywe chai, baada ya isha tutawapeleka waone.